Mkono wa Ukutani

Nitasema mapema, mtu asije akanidhania mwema: mwanamke yule nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza alipopanda ngazi, na wivu wenyewe haukuwa wa kuchezea. Nililala nao, nikaamka nao. Watu wa Chole waliotujua watakwambia tulikuwa marafiki wakubwa. Waseme watakavyo, wao hawakukaa ndani ya kifua changu.

Kazi yetu ilikuwa kupigilia sakafu. Enzi zile za Mdachi, kabla serikali haijahamia Kilindoni, wenye mashamba ya minazi walikuwa wakijenga nyumba za mawe pale kisiwani Chole, na nyumba ya mtu mwenye uwezo haikuezekwa makuti. Juu ziliwekwa boriti za mikoko, juu ya boriti mawe mepesi ya matumbawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na kokoto. Chokaa ile ikiachwa ikauke yenyewe hupasuka, na masika ikija mwenye nyumba atahangaika na masufuria ya kukingia maji. Kwa hiyo ilikuwa lazima ipigwe. Wanawake tulipanda juu tukachuchumaa mstari mmoja, bega kwa bega, toka ukuta huu hadi ukuta ule, wote tumeelekea upande mmoja. Kila mtu alikuwa na kipande chake, yaani kigongo cha mti kilicho bapa chini. Tukapiga na kurudi nyuma, tukapiga na kurudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka chokaa ikawa ngumu na laini kama sahani.

Mikono yote lazima ishuke pamoja. Mmoja akitangulia na mwingine akichelewa, chokaa husukumwa huku na huku ikafanya mawimbi, na penye wimbi ndipo patakapopasuka. Ndiyo maana kazi ile ilikuwa na wimbo, na wimbo ulikuwa na manju, mwenye kuutoa wengine wakaitikia. Manju alikaa katikati ya mstari ili sauti imfikie wa kulia na wa kushoto sawasawa. Sakafu ikiisha, mwenye nyumba hutoa kilemba, ndiyo doti mpya ya kanga, na manju huwekewa begani mbele ya watu wote.

Manju wa kwanza niliyemjua alikuwa mama yangu. Mama alizaliwa mjakazi katika shamba moja upande wa Kiegeani, na mpaka anaingia kaburini watu walimwita mjakazi wa fulani. Isipokuwa juu ya sakafu. Kule juu walichuchumaa waungwana na wajakazi pamoja, na wote, hata mabinti wa watu wenye majahazi, walimwita manju na kungoja atoe sauti ndipo wainue mkono. Aliponiachia kipande chake nilikuwa nimeshaachika, sina shamba, sina kaka, sina hata mbuzi wa kumfunga mlangoni. Nilikuwa na sauti na kile kipande. Nikipita njiani watu huniita manju, na moyo wangu hushiba kuliko waliokula pilau. Sasa mtu akija kukigusa cheo kile, nifanyeje? Nimkaribishe kwa marashi?

Basi ndipo akaja yeye. Alitoka Jibondo, kisiwa cha jirani, ameolewa Chole na mtu wa heshima zake. Ana baba hai, ana kaka wenye vyombo vyao baharini, ana mume anayemwuliza kila asubuhi ameamkaje. Hakuwa na shida ya kazi. Lakini Chole mwanamke asiyetoka na wenzake kwenye kazi za jamaa, siku ya msiba wake nani atakuja kumkalia? Kwa hiyo alikuja, kanga mpya kiunoni, na kipande alichoazima kwa mama mkwe wake.

Siku hiyo tulikuwa tunaanza nyumba kubwa ya mwenye shamba mmoja, na sote tulipopanda tuligombea nafasi kama kawaida. Katikati pana upepo, pana masihara, na uko karibu na manju. Mahali asipopataka mtu ni mwisho wa mstari, ukutani. Pale chokaa hujazana, kipande hugonga ukuta, vidole vikachubuka mpaka jioni huwezi kushika tonge. Aliyechelewa ndiye aliyekuwa akiishia ukutani. Yeye alikuwa wa mwanzo kupanda, nafasi zote zi wazi, na akaenda moja kwa moja ukuta wa kushoto akachuchumaa. Wanawake wakatazamana, na mmoja akasema kumbe Jibondo kuna watu wenye adabu. Mimi nikasema moyoni, anajipendekeza huyu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tutaiona kamba yake.

Nikaanza kumwangalia. Na niseme kweli, hakuna aliyewahi kumtazama mwanamke yule kwa makini kama mimi, hata mumewe. Sauti yake, Mungu anisamehe, ilikuwa kama mlango uliokosa mafuta, na nikafurahi sana kuisikia. Nikajua angalau huko hanifikii. Ila mkono wake haukukosea. Alikuwa hatazami chokaa, alitazama mikono ya wenzake, ameinamisha kichwa kidogo upande. Jirani yake alikuwa mjamzito, mchana ukikolea alilegea, na yule wa Jibondo alinyoosha mkono akapiga na sehemu ya mwenziwe bila kusema neno wala kuhema kwa kujionyesha. Mwenyewe mjamzito hata hakujua. Nilijua mimi.

Kisha ile habari ya maji. Jibondo hakuna visima vya maana, maji huvushwa, na watu wa kule hawajui kumwaga. Tukipumzika alichukua kata akaanza kumnywesha aliye mbali kabisa, mwisho wa mstari upande wa pili, akaja akinywesha mmoja mmoja, na mwenyewe akanywa wa mwisho kilichobaki. Fundi msimamizi wa kazi akimkaripia mtu kutoka chini, sote tuligeuza shingo kumtazama aliyekosea, maana raha ya karipio ni kulitazama. Yeye hakugeuka. Aliendelea kutazama mikono. Wiki haikuisha, kila mtu juu ya sakafu ile alikuwa akisema habari za mtu wa Jibondo, na hata nikitoa wimbo mzuri nilikuwa siambiwi kitu.

Hayo yote ningeyavumilia. La shoga yangu ndilo lililonichoma. Shoga yangu huyu tulikua pamoja, tumechota maji pamoja, tumelia talaka zetu pamoja. Juu ya sakafu alikaa kuliani kwangu miaka yote, yeye ndiye wa kwanza kuitikia. Asubuhi moja nikageuka, nafasi yake yuko mtu mwingine. Nikatupa macho. Yuko kule kushoto, karibu na ukuta, anacheka na mtu wa Jibondo. Tulipokaa kula nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwani hapa pangu pana mwiba? Akajibu bila hata kuacha kutafuna.

"Yule ukipiga naye mkono hauchoki."

Akh! Nikalirudisha tonge sahanini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sikuwahi kuielewa methali ile mpaka siku hiyo. Roho iliniuma, nikatamani kushuka niende zangu nyumbani nikalie.

Lakini mimi si mtu wa kushuka. Nikasema, kama watu wanataka wema, basi nitawapa wema mpaka uwapalie. Kesho yake tulipopumzika nikakimbilia mtungi kabla yake. Nikaijaza kata mpaka ukingoni ili nimpite yule, nikavuka mstari kwa haraka, nikajikwaa kwenye kipande cha mtu, maji yote yakaingia kifuani mwa mama mmoja mtu mzima. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwona mwingine analegea mkono, nikajisogeza nikampigia sehemu yake kama alivyofanya yule. Mwanamke akasimama, mikono kiunoni, akataka kujua kama namwita mvivu mbele za watu. Tukatupiana maneno mpaka fundi akagonga boriti kwa chini kututaka tunyamaze. Na yule wa Jibondo, badala ya kucheka ili nami nipate sababu ya kumchukia waziwazi, aliokota kata akaenda kuchota mengine.

Ndipo nikawaza habari ya ukuta. Kilichomfanya apendwe, nilijiambia, ni kule kukaa pabaya kwa hiari yake. Basi asubuhi iliyofuata nilipanda ngazi umande haujakauka, nikaenda kuchuchumaa ukuta wa kushoto, nikatandika kanga yangu ya kazi pale pale, na kipande cha mama mkononi. Wenzangu wakapanda, wakaniona, wakashangaa. Manju ukutani? Nikawaambia kwani manju hana vidole vya kuchubuka?

Yeye akaja. Aliponiona alisimama kidogo, kama mtu aliyekuta mlango wake umefungwa. Nilingoja aseme hapo ni pangu, nimjibu. Alitabasamu, akavuka mstari mzima akaenda kuchuchumaa ukuta wa kulia. Shoga yangu akainuka akamfuata huko huko.

Nikatoa wimbo. Ulikuwa wimbo wa mama, alioutunga mwenyewe kwa sakafu, na maneno yake ni machache:

Mvua kaa nje, mvua kaa nje,
humu kuna mtoto amelala.

Wao huitikia, amelala, amelala, na kila amelala moja ni pigo moja. Niliimba kwa nguvu zangu zote. Lakini upepo wa bahari ulikuwa unavuma toka kulia kuja kwangu, mstari mrefu, na nilipokuwa nimeshafika mtoto, kule mwisho walikuwa bado wako na mvua. Amelala ya kwangu ikashuka, kisha ikaja amelala nyingine nyuma yake. Nikaongeza sauti, mambo yakazidi kuharibika. Nyuma yetu chokaa ilianza kufanya makunyanzi, nasi tunayaona, na hakuna aliyethubutu kusimama, maana manju hajasimama.

Fundi alipanda. Alikuwa mzee mkali wa maneno machache, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa chini ndani ya nyumba akiyasikiliza mapigo kupitia boriti. Hatukumwamkia, hakuwa na uso wa kuamkiwa. Alisema kule chini amesikia sakafu mbili. Akatwambia tupige bila wimbo, kwa kumfuata yeye anayepiga kofi, akatembea nyuma yetu polepole akisikiliza mgongo kwa mgongo. Mstari ukanyooka karibu wote. Alipofika ukuta wa kulia akasimama, na hapo hata mimi nilisikia. Mkono uliokuwa unakosea ni wa mtu wa Jibondo, na pembeni yake shoga yangu, mtu wa kufuata upepo tangu utoto, alikuwa anakosea naye.

Ada ilikuwa moja na kila mtu aliijua: anayevunja mkono anashuka, na akishashuka harudi kwenye sakafu ile. Mtu akishushwa, Chole nzima huambiwa, na fundi mwingine hamchukui. Yule mwanamke akainuka, akajipangusa chokaa magotini. Hakunyooshea mtu kidole wala hakusema mbona jana nilikuwa napiga vizuri. Na mimi? Moyo wangu ulipiga vigelegele. Nikasema, nenda mama, rudi kwa mumeo anayekuuliza umeamkaje.

Shoga yangu ndiye aliyefumbua mdomo.

"Fundi, asishuke. Sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni. Mwacheni kwenye ukuta wa kushoto, wenzake wote wawe mkono wake wa kulia, hamtamsikia akikosea."

Nikamwona yule mwanamke ameinamisha kichwa vile vile upande, na ghafla nikajua kwa nini kila siku kichwa kilikuwa upande, kwa nini alitazama mikono yetu na si chokaa, kwa nini alienda ukutani nafasi zote zi wazi. Hakuwa akijipendekeza kwa mtu. Hapo ndipo mahali pake pekee palipomfaa, nami nikampokonya kwa ajili ya sifa. Ungedhani nilimwonea huruma. La, mimi nilimwona shoga yangu tu. Siri ile aliambiwa yeye. Mimi, manju, mwenye mstari wangu, sikuambiwa, na wivu uliokuwa kifuani ukanipanda hadi utosini.

Fundi alinigeukia. Nyumba ni ya mwenyewe, sakafu ni ya fundi, lakini mstari ni wa manju, hata fundi hawezi kumweka mtu aliyekataliwa na manju. Akaniuliza mbele ya wote kama nimemridhia huyu. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Ningetikisa kichwa, basi.

Yule mwanamke akanikaribia. Hakulia wala hakuninyenyekea.

"Dada, sikukuficha kwa ubaya. Nilichelea kushushwa. Wenzako hawa siwasikii sawasawa, nawatazama mikono. Lakini wewe ukiimba katikati, nakusikia. Ni kwa sauti yako nimeweza kupanda."

Sasa niambieni, mtu umjibu nini mtu kama huyo? Angenitukana ningepumua. Nilisimama nikiwa nimejaa hasira, na ndani ya hasira pana kitu kitamu kinachotambaa, maana kwa wiki nzima hakuna aliyenisifu sauti, na anayekuja kunisifu ni huyu mwenye sikio moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi sikutia. Niliokota kanga yangu pale ukutani, nikamwonyesha kwa kidevu aende akachuchumae, nikarudi katikati. Sikusema nimemridhia. Nilitoa wimbo, na fundi akashuka ngazi.

Sehemu ile yenye makunyanzi ilifukuliwa ikamwagwa upya, nasi tukaipiga tena huku mikono inawaka. Sakafu ikaisha salama. Nikawekewa kilemba begani, watu wakapiga vigelegele, na mtu wa Jibondo alipiga kuliko wote kwa ile sauti yake ya mlango. Masika ilipokuja, mwenye nyumba alisema hakukinga hata tone.

Usidhani nilipona. Nilimwonea wivu hata lile sikio. Baada ya siku hiyo wanawake wote walianza kutazamana mikono, kidogo kidogo, kila mtu akijua jirani yake anachoka saa ngapi na upande gani, na mstari wetu ukapata jina mpaka ng'ambo. Mafundi walituita sisi kabla ya kuchoma chokaa. Walikuwa wakisema mstari wa manju fulani, yaani mimi, nami nilijua nani ameufanya kuwa mstari. Kila nikisifiwa roho ilikuwa inaniuma kidogo, na wakisahau kunisifu inaniuma sana.

Miaka ikapita. Nyumba za Chole zikapungua, serikali ikahamia Kilindoni, na wafanyabiashara nao wakahamisha mizigo yao wakaanza kujenga kule. Mmoja wao alituita tukampigie ghala. Kabla ya siku ya kuvuka, yule mwanamke alikuja kwangu nyumbani. Safari hii alikuja kwangu kwanza, kabla ya shoga yangu, na hilo sikuacha kuliona. Akakaa mkekani, akaniambia kwa sauti kubwa mno, kama anayemwita mtu aliye shambani, kwamba sikio la pili nalo limekwenda. Tangu mfungo hasikii hata adhana. Amekuja kuniaga, yeye hatavuka.

Nilimtazama. Mtu niliyemhusudu miaka yote ile, nywele zimeanza mvi, amekaa kwenye mkeka wangu ananiaga. Ningefurahi, si ndiyo? Nikajikuta namtikisia mkono kwa nguvu kwamba atavuka, atavuka, afunge mzigo wake. Kwa nini, sijui. Labda nilikuwa nimemzoea. Sakafu bila yeye ningemwonea nani wivu?

Kule Kilindoni fundi alikuwa mwana wa yule mzee, mkali kama baba yake. Tulipopanda nikamshika mkono yule mwanamke nikamvuta katikati, nikamwonyesha akae ubavuni kwangu, autazame mkono wangu. Akakataa. Akasema, na sauti yake ile ikasikika hadi barabarani:

"Nikikosea katikati nitawaharibu wa pande mbili. Ukutani nitamharibu mmoja."

Akaenda ukuta wa kushoto, mahali pake. Shoga yangu akachuchumaa karibu naye kwa mazoea, nami nikaimba. Haikuchukua muda. Shoga yangu mkono wake hufuata wa jirani, ndivyo alivyoumbwa, na yule asiyesikia alikuwa anamtazama yeye. Mmoja akichelewa mwingine humngoja, mwingine naye akingojwa huchelewa zaidi, na sasa wa tatu alikuwa ameshaanza kuwafuata. Kule chini fundi alikuwa amegonga boriti mara ya kwanza. Akigonga tena atapanda, na akipanda mtu atashuka.

Pale palitakiwa mkono usioyumba, mkono ambao jirani akikosea wenyewe haukosei. Nilijua ni wangu, maana mkono wa manju haufuati wa mtu. Mstari mzima ulijua. Hakuna aliyesema, na hilo ndilo lililonishinda, maana mtu angesema tu ningekataa kwa maneno yangu yote. Lakini walinyamaza wakitazama mikono, kama walivyofundishwa na yule. Na kuimba toka ukutani haiwezekani, hilo nilijifunza siku ya sakafu mbili, kwa aibu yangu.

Nikainuka katikati. Nikatembea na kipande cha mama mpaka ukutani, nikamgusa shoga yangu begani.

"Nenda katikati. Imba wewe."

Alinitazama kama nimemwambia avae nguo zangu. Kisha akaenda, na sikupenda jinsi alivyokwenda haraka.

Aliuimba wimbo wa mama yangu. Sauti yake si mbaya, sitasema uongo, lakini neno amelala alilivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na pale penye mtoto alipandisha mahali ambapo mama alikuwa akishusha. Na watu wakaitikia. Waliitikia kwa moyo, tena kwa raha, nikawasikia wanacheka katikati ya wimbo. Ulimi wangu uliwasha. Nilitaka kusema si hivyo, shusha pale, mama alishusha pale kwa kuwa mtoto amelala. Lakini ningefumbua mdomo, mkono wangu ungeufuata mdomo wangu, na ubavuni kwangu yako macho mawili yamekaza kuutazama mkono ule hayapepesi. Basi nikafumba mdomo. Nikapiga. Vidole vikachubuka ukutani, wivu ukanitafuna, nikapiga. Siku zote za ghala lile sikuimba neno, na fundi hakugonga boriti tena.

Sakafu ilipoisha mwenye ghala akapanda na kilemba. Akauliza manju ni nani, na watu wakaonyesha katikati. Nikatazama kanga ile mpya, bado ina harufu ya duka, ikiwekwa kwenye bega la shoga yangu. Nikapiga vigelegele na wenzangu, vilitoka kama mifupa kooni.

Yule mwanamke alinivuta nguo. Alitaka kujua watu wanashangilia nini, na akauliza kwa ile sauti ya viziwi, sakafu nzima ikasikia, ni nani aliyekuwa akiimba siku zote hizi. Nikamwonyesha shoga yangu. Akamtazama, akaitazama na ile kanga, akanigeukia amekunja uso kama aliyeambiwa jambo lisilo na maana.

"Ah. Mbona mimi nilikuwa nakusikia wewe?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Shoga yangu hakucheka. Alikuwa amesimama na kilemba chake begani, na uso wake nikaujua mara moja, maana niliuvaa mimi miaka mingi. Nikamsogelea nikamsaidia kukikunja.